Kati ya Kuamka na Kukesha

Ikifika tarehe 31 Oktoba, Walutheri wa Afrika Mashariki huadhimisha Matengenezo ya Kanisa. Mwanafunzi wa historia hukutana na tukio lile lile kitabuni likiitwa Mageuzi ya Kidini. Mwanglikana wa Murang'a au wa Dodoma, ukimwuliza kanisa lake lilipata upya lini, huenda asiitaje Ujerumani hata kidogo, atakutajia Uamsho. Msabato huyafunga mawili pamoja, uamsho na matengenezo, na kwa mpangilio huo huo, la kwanza likilitangulia la pili. Naye asikilizaye Radio Vatikano kwa Kiswahili amekwisha kuzoea upyaisho, na toba, na wongofu wa ndani.

Ni rahisi kudhani kuwa haya ni majina mbalimbali ya jambo moja. Mimi naona kila neno limebeba maoni yake kuhusu kilicholisibu kanisa. Asemaye matengenezo ameona kitu kilichoharibika. Asemaye mageuzi ameona kitu ambacho hakifai kubaki kilivyo. Asemaye uamsho ameona mtu aliyelala. Na kwa kuwa dawa hufuata ugonjwa, anayekosea jina la ugonjwa atampa mgonjwa dawa isiyo yake.

Nianze na matengenezo, neno ambalo baadhi ya wasomi hulionea haya kwa kuwa limeingia grisi. Ni kweli, kila gereji ya kando ya barabara inalo. Lakini lichunguze kwa ndani. Kuna kitenzi kikongwe, kutengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika hali inayostahili: nyumba iliyotengenea, mambo yaliyotengenea. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee. Ndiyo maana fundi hutengeneza kiti ambacho jana hakikuwapo, na fundi mwenzake hutengeneza saa iliyosimama, na Kiswahili hakikuona sababu ya kuwapa vitenzi viwili. Kuunda na kuponya vimekaa katika neno moja. Kwa kanisa silijui neno lenye kufaa zaidi, maana Mkristo anaamini kwamba aliyemuumba ndiye huyo huyo amponyaye.

Mageuzi halina utulivu huo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi Tanzania na Kenya, neno hilo limekaa jukwaani, na huko lina haki yake. Ila kugeuka hakusemi ni kuelekea wapi. Anayegeuka anaweza kuielekea nuru, anaweza pia kuipa kisogo. Martin Luther hakutaka kanisa ligeuke liwe jingine, alitaka litengenee.

Wengi hukumbuka hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa sababu ya vita dhidi ya biashara ya hati za msamaha. Hoja ya kwanza haizitaji hati hizo. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba Kristo alipowaita watu watubu alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Chini ya hoja hiyo kuna suala la istilahi. Biblia ya Kilatini iliyosomwa Ulaya Magharibi kwa zaidi ya miaka 1000 iliutafsiri mwito wa Yesu kwa maneno ambayo watu waliyasikia kama amri ya kufanya kitubio: nenda kwa padri, ungama, timiza malipizi, maliza. Mwaka 1516 Erasmus wa Rotterdam alichapisha Agano Jipya la Kigiriki, na wasomi wakaliona neno lenyewe, metanoia, kubadilika kwa nia yote. Mwaka 1518 Luther alimwandikia Johann von Staupitz, mkuu wake katika shirika la Waagustino na mlezi wake wa kiroho, akimweleza jinsi neno lililokuwa chungu kwake kuliko mengine lilivyokuwa tamu alipolielewa hivyo.

Kitubio kina mwisho; ukishatimiza, umetimiza. (Mkatoliki aliyefundishwa vizuri atasema kwamba kitubio nacho kimewekwa kiwe mlango wa toba ya maisha, na atakuwa amesema kweli.) Toba aliyoiona Luther ndani ya metanoia haikomi mpaka kaburini. Nasi tuliolipokea neno toba kutoka Kiarabu tumepewa picha nyingine tena, maana asili yake ni kurudi. Anayetubu anarudi. Ajabu ni kwamba katika usemi wa walokole, kurudi nyuma ndiyo dhambi yenyewe: fulani alikuwa moto, sasa amepoa, amerudi nyuma. Kurudi kumoja kunaponya na kurudi kwingine kunaua, na kinachovitenganisha ni yule unayemwelekea.

Sikiliza pia mhubiri wa kwetu anapotaka kumgusa mtu moyoni. Humwambia: tengeneza na Mungu wako. Hasemi tengeneza nini. Kitenzi kimeachwa bila kitu cha kutendwa, na kila msikilizaji anajua cha kwake ni kipi. Waliokutwa na uamsho wa miaka ya 1930 walilielewa neno hili kwa miguu yao. Walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni waliyokuwa wameyakana, waliwaendea waliowachukia wakaomba msamaha mbele ya watu. Matengenezo yaliyoanza na hoja za Kilatini huko Wittenberg yalikutana na matengenezo ya mtu anayerudisha shuka la hospitali alilolichukua usiku. Sioni kwamba la pili ni dogo.

Watu wa mapokeo ya Kalvini wanao msemo wa Kilatini, ecclesia semper reformanda, kwamba kanisa sharti litengenezwe daima. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni wa Luther au wa Calvin mwenyewe. Mizizi yake inayojulikana iko kwa Jodocus van Lodenstein, mchungaji wa Utrecht, aliyeandika kwa namna hiyo mwaka 1674, naye hakuwa akidai mafundisho mapya. Alikuwa akilia kwamba kanisa limekwisha kuyasahihisha mafundisho bila kuisahihisha mioyo. Karl Barth ndiye aliyeusambaza msemo huo baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947. Tangu hapo umetumiwa na kila mtu anayetaka kubadili jambo kanisani, jema na baya.

Ukiutafsiri ovyo utapata kanisa linalojitengeneza daima. Hapo ndipo sarufi yetu inapotuokoa, kama tuko tayari kuisikiliza. Reformanda maana yake ni lipaswalo kutengenezwa. Ni hali ya kutendwa, na anayetenda hayuko ndani ya neno. Kile kiambishi kidogo, ji, tunachokipenda siku hizi kwa kujitegemea, kujiamini na kujiendeleza, hakimo. Nimeona mipango mikakati ya kanisa yenye kurasa nyingi iliyojaa ji, nami sina ugomvi na mipango. Lakini jaribu kukiweka kiambishi hicho kwenye kuamsha. Kujiamsha? Mswahili hasemi hivyo kwa mtu aliye usingizini. Aliyelala ama huamka, ama huamshwa.

Kwa neno hilo tumefika Gahini.

Gahini ni kilima kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali. Daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, alifika huko mwaka 1928, wakati nchi ikiwa katika njaa kali. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Mzungu aliyetumwa kuleta na Mwafrika aliyedhaniwa kuwa wa kupokea walikiri wote wawili kwamba wana njaa ile ile. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, na pamoja na Yosiya Kinuka, mhudumu wa hospitali, wakawa kiini cha moto ulioenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanganyika na mashariki mwa Kongo.

Kigozi alikufa Januari 1936, kijana bado, akiwa anajiandaa kuiambia sinodi ya kanisa la Uganda yaliyokuwa moyoni mwake. Neno lake lilibaki: Zukuka. Ni Kiganda, amka. Angalia alikuwa akimwambia nani. Hakuwa akiwahubiria watu ambao hawajalisikia jina la Yesu. Alikuwa akiwaambia maaskofu, mashemasi, walimu wa katekisimu, watu waliobatizwa na kuwekewa mikono, ambao majina yao yalikuwa kwenye madaftari na sadaka zao kwenye hesabu. Neno uamsho, katika maana yake ya kwanza kwetu, lilielekezwa ndani. Leo tunalitumia kwa mkutano wa hadhara uwanjani unaowaita walio nje, na tumesahau kwamba mlengwa wake wa kwanza alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele.

Walioamka waliitwa balokole, waliookoka, na wengi wa waliolitamka jina hilo mwanzoni walitamka kwa dhihaka. Kiswahili kililichukua lilivyo, kikalivisha wa- badala ya ba-, na mlokole akazaliwa. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmojawapo. Sehemu ya kosa lao ilikuwa kuamka kabla ya mapambazuko kwenda kuomba na kuhubiri, jambo ambalo mkuu wa chuo alikuwa amelikataza. Kanisa liliadhibu watu kwa kuamka mapema mno. Walokole nao hawakuwa malaika. Walikuwa na ukali wa kuwahukumu wengine, na wapo waliowavunja ndugu zao kwa jina la kuwavunja mbele ya msalaba. Hata hivyo wengi wao hawakuondoka kwenda kuanzisha kanisa jingine. Walibaki ndani, na kukaa kwao naona ndiko kulikokuwa uaminifu mgumu zaidi.

Sasa sarufi. Mlokole akisimama kutoa ushuhuda husema: Bwana asifiwe, nimeokoka. Hasemi niliokoka, isipokuwa akitaja tarehe. Kiambishi -me- cha Kiswahili hakisemi tu kwamba jambo limetokea. Husema kwamba matokeo yake yapo mpaka sasa ninaposema. Nimeamka, maana yake macho yangu yako wazi. Niliamka, huenda nikawa nimelala tena. Mtu akisema amekaa, yuko kitini. Akisema alikaa, kiti kinaweza kuwa kitupu. Kwa hiyo anayesema nimeokoka ametoa dai linaloweza kukaguliwa leo, hapa aliposimama, na ndugu zake. Wazee wa uamsho walilijua hilo. Katika ushirika wao, ushuhuda wa mwaka jana haukutosha. Walitaka kusikia Bwana amekufanyia nini juma hili, na nini kimekushinda juma hili. Kutembea nuruni, kama walivyouita mwenendo huo, kulihitaji wakati uliopo.

Lakini kuna kona moja ambamo Kiswahili huificha tofauti hiyo. Ukitaka kuliita kanisa kwa sifa yake, utasema kanisa lililoamka. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi hakikubali -me-, hulazimisha -li-. Kanisa lililoamka linaweza kuwa liko macho, linaweza kuwa liliamka mwaka 1936 na sasa linakoroma, na sentensi itabaki sahihi. Tangu uamsho ulipopata herufi kubwa, ukawa Uamsho wa Afrika Mashariki wenye sherehe zake za miaka 50 na vitabu vyake, tumeishi ndani ya kirejeshi hicho.

Sipendi kuendelea bila kusema lililo baya kuliko yote. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo nchi ya 1994. Katika takriban siku 100, watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi waliuawa, wengi mno katika nchi ambayo idadi kubwa ya wakazi wake walikuwa wamebatizwa. Huko Nyamata, Ntarama na Nyarubuye watu walikimbilia makanisani, na makanisa yakawa machinjio. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani makasisi pia, Mprotestanti na Mkatoliki. Machi 2017 Papa Fransisko, mbele ya Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Wapo wanaosema kwamba hili linathibitisha kuwa uamsho ulikuwa hisia tupu. Siwezi kukubali, kwa maana historia inakataa. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia mwaka 1952, walokole wa nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa pia bunduki ya serikali ya kikoloni, kwa sababu moja: walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kula kiapo cha damu nyingine wala kumwaga ya ndugu. Baadhi waliuawa. Kanisa la ukumbusho wao liko Murang'a, na ukutani Elimo Njau, mchoraji kutoka Tanganyika, alimchora Kristo katika nchi ya vilima vya Wakikuyu. Janani Luwum aliyeokoka mwaka 1948 alikuwa askofu mkuu wa Uganda alipouawa Februari 1977 chini ya Idi Amin, akiwa amethubutu kumwandikia mtawala kuhusu damu iliyokuwa ikimwagika. Na Rwanda yenyewe, wapo waliokataa kutenganishwa na jirani zao, wakafa nao.

Kwa hiyo kuamka kulikuwa kwa kweli. Kilichokosekana ni jambo ambalo neno uamsho peke yake haliwezi kulibeba. Uamsho ni jina la tukio. Lina mwanzo, lina saa yake. Halisemi lolote kuhusu mchana unaofuata, wala kuhusu kizazi ambacho kilizaliwa ndani ya nyumba za walioamka na kikarithi nyimbo na salamu za kukumbatiana bila kurithi toba. Toba hairithiki.

Hapo huja neno uaminifu, na pamoja nalo hoja ya watu wengi wacha Mungu ambao huogopa upya wa kila aina. Husema: tulikabidhiwa, kazi yetu ni kulinda. Wana msingi. Imani, amini, mwaminifu, muumini, amana, hata amani, yote ni ya ukoo mmoja wa Kiarabu, na Amina tunayofungia sala ni ndugu yao kutoka Kiebrania. Mzizi wa ukoo huo ni uthabiti, kitu ambacho ukikiegemea hakikuangushi. Paulo anapomwagiza Timotheo alinde alichokabidhiwa, watafsiri wetu waliandika amana, na hawangeweza kuchagua vizuri zaidi. Pwani yote inajua amana ni nini. Msafiri anakuachia kitu chake, nawe hukitumii, hukifanyii biashara, humpi mwingine. Siku akirudi anakikuta kilivyokuwa. Asiyeweza hivyo ni mwenye hiana.

Ingekuwa mwisho wa hoja kama Yesu asingesimulia habari ya talanta. Bwana anayesafiri anawakabidhi watumwa mali yake. Mmoja anachimba shimo, anaifukia, na bwana anaporudi anamrudishia ile ile, kamili, bila kupungua. Kwa sheria ya amana ya pwani mtumwa yule hana lawama. Lakini wenzake walioiingiza ile mali sokoni, mahali pa hasara, ndio wanaoitwa waaminifu; yeye anaitwa mlegevu. Kwa muda mrefu niliisoma habari hii kama mafundisho kuhusu vipawa. Naiona sasa kuwa ni mafundisho kuhusu maana ya neno mwaminifu. Mwenye mali hakutaka kuhifadhiwa kilichokuwapo; alitaka kilichokuwapo kiendelee kufanya kazi yake. Injili iliyofukiwa salama ndani ya liturujia nzuri, au ndani ya kumbukumbu za mwaka 1936, imehifadhiwa na imesalitiwa kwa wakati mmoja.

Na kuna Maombolezo, sura ya 3, kitabu kilichoandikwa juu ya magofu ya Yerusalemu. Mwandishi anasema rehema za Mungu ni mpya kila asubuhi, na papo hapo, bila kuvuta pumzi, anausifu uaminifu wa Mungu kuwa ni mkuu. Upya na uaminifu vimo katika mstari mmoja. Sisi tulivitenganisha, tukaunda kambi mbili kanisani, ya walinzi na ya wapya, wakati kwa Mungu mwenyewe upya ni sura tu ya uaminifu: ni mwaminifu, kwa hiyo kila asubuhi huja na upya.

Kuhusu upyaisho nitasema machache. Ni neno changa, na ulimi bado unajikwaa. Wakatoliki walilihitaji kwa sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa tarehe 11 Oktoba 1962, ulikiri kwamba Kanisa ni takatifu na wakati huo huo lahitaji kutakaswa daima. Maneno hayo yamo katika hati yake juu ya Kanisa, ya mwaka 1964. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuwa askofu wa Bukoba, alikuwapo. Mji huo huo wa Bukoba ulikuwa na Josiah Kibira, mtu wa uamsho, aliyekuwa askofu wa Kilutheri kuanzia mwaka 1964 na rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni kuanzia mwaka 1977. Napenda kufikiri kwamba katika mji mmoja kando ya Ziwa Viktoria istilahi mbili za upya zilisali kila Jumapili. Wongofu nalipenda zaidi kuliko upyaisho, maana kuongoa ni kuielekeza njia iliyopotoka. Lakini lugha haituombi ruhusa, na upyaisho utakaa.

Neno ninalolitafuta liko kwingine, na tumekuwa nalo siku zote.

Katika Ufunuo, sura ya 3, kuna barua kwa kanisa la Sardi, mji ulioko katika nchi ambayo sasa ni Uturuki. Kanisa hilo lina jina la kuwa hai, nalo limekufa. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, inaliambia likeshe. Tafsiri za baadaye zilizotafuta lugha nyepesi zinaliambia liamke. Zote mbili zinatafsiri kitenzi kimoja cha Kigiriki, grēgoreō, na tofauti yao si ya ladha. Kuamka ni kwa nukta moja. Kukesha ni kwa usiku mzima. Watu wa Sardi walijua ni kipi kiliwaponza. Ngome yao ilikaa juu ya genge ambalo kila mtu aliamini halipandiki, na kwa sababu hiyo walinzi hawakuulinda upande huo. Katika karne ya 6 KK askari wa Koreshi walipanda pale pale, mji ukaanguka. Katika karne ya 3 KK ukaanguka tena, mbele ya Antioko wa 3, kwa namna ile ile. Hawakuwa na uhaba wa kuamka. Waliamka mara mbili, wamechelewa mara mbili.

Kitenzi chenyewe kina historia inayonifurahisha sana. Wagiriki walikuwa na egeirō, kuamsha, ambalo waandishi wa Agano Jipya walilitumia pia kwa kumfufua Yesu kutoka kwa wafu. Wakati timilifu wa kitenzi hicho, egrēgora, ulimaanisha nimeamka, yaani niko macho. Baadaye wasemaji wakauchukua wakati timilifu huo na kuufanya kitenzi kipya cha wakati uliopo, grēgoreō: kukesha. (Kina Gregori wote waliobatizwa kwetu wamebeba jina lake.) Kukesha, basi, ni nimeamka iliyokataa kuwa niliamka. Ni -me- iliyoshikiliwa saa baada ya saa.

Kiswahili hakikufika hapo kwa njia hiyo, lakini kimefika. Tunacho kitenzi, na tunayo nomino, mkesha. Tumeifanya iwe na maana ya usiku mmoja wa maombi kwa mwezi, au ule wa tarehe 31 Desemba, wenye vipaza sauti na matarumbeta, na sisemi neno dhidi ya usiku huo. Wapo watu ambao maisha yao yalitengenea humo. Nasema tu kwamba kesha la Injili halina tarehe. Katika Gethsemane wanafunzi waliombwa saa moja, na hawakuweza, nao ndio waliokuwa wameacha vyote kumfuata. Na aliyewaomba hakuwafukuza. Alirudi kuwaamsha, akaenda kuomba, akarudi tena.

Ningekaa katika kamati ya watafsiri ningeomba kesha libaki katika barua ile ya Sardi, hata kama ni gumu kidogo kwa kijana. Sababu iko katika mstari unaofuata. Kanisa lile linaambiwa likumbuke lilivyopokea na kusikia, kisha linapewa vitenzi viwili, kushika na kutubu. Mlinzi wa amana na mtu wa uamsho wangetarajia kila mmoja apewe kitenzi chake na mwenzake akosolewe. Barua imewapa wote wawili, bila lakini katikati, na imelipa kanisa moja kazi zote mbili: lishike, na litubu, usiku ule ule.